Nililiziba gari kama chupa ya chai, nusura litufukie

NIANZE kwa kukiri, mpenzi msomaji. Mimi ni mtoto wa Pwani. Nimezaliwa Kisarawe, nikakulia Temeke, na mpaka natimiza miaka thelathini baridi niliyokuwa naijua ni ile ya asubuhi ya mwezi wa saba, ambayo watu wa Dar es Salaam wanavaa sweta halafu saa nne wanalivua.

Ndipo nikaoa Makete.

Kwa wasioijua, Makete ni wilaya ya Mkoa wa Njombe, iko juu milimani kabisa. Uwanda wake wa Kitulo uko kwenye mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka mpaka nyuzi sifuri na chini ya hapo, na asubuhi unakuta majani yameganda meupe, utadhani mtu kapita na gunia la chumvi linavuja. Watalii wajanja wanakwenda miezi ya mvua, Novemba mpaka Aprili, kuangalia maua. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 pakafanywa hifadhi ya taifa. Lakini mkwe hachagui mwezi, bwana. Mkwe anakwenda anapoitwa.

Mimi niliitwa Julai 2012. Nyumba ya mama mkwe ina vyumba viwili. Akatupa kimoja, yeye akabanana na wajukuu kile kingine. Nililala na makoti mawili na soksi jozi tatu, meno yakigongana kama mtu anapiga chapa. Na ubaya haukuwa baridi peke yake. Ukuta ule mmoja tu kati yangu na mama mkwe ulinitesa kuliko baridi. Kukohoa naona haya, kugeuka kitandani naona haya, kukoroma ndiyo usiseme. Nikakesha macho makavu, na moyoni nikaapa sirudi.

Kwa miaka mitano kila mke wangu alipotaja kwao nilikuwa na jibu: kazi, ada, nauli, mvua. Mama Salma akawa anakwenda peke yake kwa basi na kurudi kimya. Waume wenzangu, mwanamke akilalamika una nafuu. Akinyamaza, jihadhari.

MCHUMA WENYEWE

Mwaka 2017 nikapata wazo, na kama mawazo yangu mengi lilikuja nikiwa kijiweni. Jamaa mmoja wa Kinondoni alikuwa anauza Land Cruiser Prado la mwaka 1998, injini ya dizeli ya cc 3,000 yenye tabo, namba B, kilomita zaidi ya laki mbili. Nikasema hapa hapa! Nitalitengeneza liwe nyumba. Litapanda mlima wowote, litalala baridi yoyote, na mkwe atalala uani kwa heshima zake bila kumsumbua mtu.

Bei milioni 16. Nilikopa kazini, na pungufu nikalimalizia na fedha za kupaua nyumba yetu ya Chanika, iliyokuwa imesimama kuta ikisubiri bati. Sikumuuliza mtu. Nilimwonyesha mke wangu gari likiwa tayari limeegeshwa mlangoni.

"Hili ni kwa ajili ya mama yako," nikamwambia.

Akalizunguka mara moja, akapiga tairi teke dogo. "Baba Salma, mama yangu hajakuomba gari. Amekuomba ukamsalimie."

Nikajifanya sikusikia.

Sasa nikuambie kitu kuhusu gari la mtumba: bei ya kununua ni kiingilio tu, mechi yenyewe inachezwa gereji. Nililipeleka kwa fundi mmoja Gerezani. Kitu cha kwanza alichofungua ni rejeta. Maji yakatoka ya kahawia kama chai ya msibani.

"Bosi, hili umekuwa unalinywesha maji ya bomba?"

"Muuzaji ndiye alikuwa anayaweka."

"Huku Dar unaweza kuponea. Kule unakokwenda yataganda, na maji yakiganda yanatanuka."

Na kweli. Maji yakigeuka barafu yanaongezeka ukubwa kama asilimia tisa hivi, na yakiwa ndani ya chuma hayana pa kwenda, yanapasua. Akasafisha njia zote, akatia kulanti, yale maji ya dawa ya rangi ambayo hayagandi upesi, hayachemki upesi, na yanazuia kutu. Akabadilisha mkanda wa taimingi, mipira yote ya maji, na zile plagi za kupasha injini ya dizeli asubuhi, maana mbili zilikuwa zimekufa. Dizeli bila hizo, kwenye baridi kali utapiga stata mpaka betri izimie.

Halafu miguu. Springi mpya nzito kidogo na shokapu nne, gari likanyanyuka. Matairi manne ya meno makubwa ya kati, si yale ya tope tupu, kwa sababu kutoka Dar mpaka Chimala ni lami zaidi ya kilomita 700 na tairi la tope tupu linapiga kelele mpaka unachanganyikiwa. Juu nikachomelewa keria. Nikaweka betri ya pili ya taa za ndani na kuchajia simu, imefungwa na rilei ili usiku isile betri ya kuwashia gari. Chepe, kamba nene ya kuvutia, jeki ndefu na pampu ndogo ya upepo vikakaa nyuma.

Hadi hapo, msomaji, nilikuwa sijakosea. Nilikosea kwenye nyumba.

"MTAPUMULIA WAPI?"

Kitanda alinitengenezea seremala wa Buguruni, kijana mwenye akili. Vipande viwili vya plaiwudi: cha nyuma kimefungwa moja kwa moja, chini yake droo za sufuria na unga, cha mbele kinalazwa juu ya kiti cha katikati kikishakunjwa. Juu godoro la sponji. Watu wazima wawili wanaenea, mtoto katikati.

Nikamwambia sasa tuzibe baridi. Tulivua plastiki za ndani za milango na ubavu, tukapachika lile karatasi linalong'aa wanaloweka chini ya bati, juu yake sponji, juu yake kapeti. Kila kioo nikakatia pazia gumu la namna hiyo hiyo linalobana kingo. Vizuri sana. Lakini sikuishia hapo. Nilipitisha gundi ya silikoni kila mahali nilipoona mwanga. Nyuma, kwa ndani ya bampa, gari lina vitundu vyenye vilango vya mpira. Nikauliza vya nini, seremala akasema nadhani vya kutolea hewa. Nikavijaza sponji na silikoni.

Kijana akaweka msumeno chini. "Kaka, mtapumulia wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia: "Dogo, wewe umewahi kulala Makete? Kule hewa ipo ya kumwaga. Mimi nataka gari liwe kama chupa ya chai. Joto likiingia, lisitoke."

"Na chai ikiwa mbaya?" akauliza.

Nikamlipa laki nne zake akaenda. Jumla ya matengenezo yote ilifika karibu milioni tano. Nyumba ya Chanika ikaendelea kunyeshewa.

HAMSINI NA SABA

Tuliondoka Julai 2019, mimi, mama Salma na Salma mwenyewe, miaka tisa, amekumbatia mto wake. Morogoro, Mikumi tukaona twiga kando ya barabara, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, Kitonga tukapanda nyuma ya malori kama kumbikumbi. Tukalala gesti Makambako. Kesho yake tukashuka mpaka Chimala, tukaiacha lami.

Kutoka Chimala kwenda Matamba kuna ile barabara wanayoiita Hamsini na Saba, kwa sababu ina kona 57 zinazopanda ukuta wa mlima. Si mchezo. Upande mmoja mwamba, upande mwingine unaona Bonde la Usangu limelala chini kama mkeka. Nikaweka gia ndogo ya magurudumu manne, gari likapanda polepole bila kuhema. Hewa ya juu ni nyepesi, injini isiyo na tabo ingekuwa inalia. Salma alihesabu kona mpaka thelathini na moja akapitiwa na usingizi. Mama Salma akanigeukia, akanigusa bega. "Haya, limepanda," akasema. Miaka miwili nilikuwa naisubiri sentensi hiyo.

Tuliingia kwa mama mkwe alasiri. Mama wa watu amezeeka, mgongo umeinama, lakini alinipokea kwa mikono miwili kama vile jana ndiyo nimeondoka. Nikamwamkia, nikapiga goti. Akasema, "Karibu, baba. Nilidhani tumekukosea." Maneno hayo yaliniingia, nikakosa pa kutazama.

Chumba kilikuwa kimeshatandikwa. Nikamwambia kwa adabu, mama, tusikusumbue, sisi tuna nyumba yetu. Nikaliegesha gari juu kidogo ya uwanja, pembeni ya shamba la viazi, nikafungua milango. Watoto wa kijiji wakajaa. Nikawasha taa, nikavuta droo, nikatandika kitanda. Mama mkwe akachungulia, akagusa kapeti, akagusa mapazia. "Kuzuri," akasema. "Kama kisanduku."

Jua lilipozama baridi ikashuka kama imedondoshwa. Mama mkwe akatuletea jiko la mkaa tuote nje. Tulipika maharage hapo hapo, hayakuiva! Ukiwa juu namna ile maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwenye nyuzi 91 au 92 badala ya 100, kwa hiyo unaona yanatokota na maharage magumu vile vile. Tukala viazi. Mama mkwe akaaga akisema, "Jiko mliache nje, baba."

Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Saa tatu usiku mke na mtoto wakawa wanatetemeka ndani ya gari. Lile karatasi na sponji vinatunza joto ulilonalo, havitengenezi jingine. Nikatoka. Jiko lilikuwa limebaki makaa mekundu matupu, hakuna moshi hata kidogo. Nikajiambia, kinachoua ni moshi, na hapa moshi hakuna. Nikaliingiza, nikaliweka mbele penye miguu ya abiria juu ya kipande cha bati. Nikafunga mlango. Ndani ya dakika kumi raha mustarehe. Salma akaacha kutetemeka. Nililala nikijisifu.

KILICHOTUOKOA

Kilichotuokoa, msomaji, utanisamehe kusema, ni haja ndogo.

Mama Salma aliamka saa nane usiku amebanwa. Baadaye alinieleza kwamba kichwa kilikuwa kinampasuka, moyo unamwenda mbio na miguu haimtii. Alidhani ni homa. Akaupapasa mlango wa nyuma, akausukuma, akaanguka nje kifudifudi kwenye majani yaliyoganda. Ile baridi niliyokuwa naikimbia miaka saba ndiyo iliyomzindua. Alipogeuka kuniita, sikuitika. Akamwita Salma. Kimya.

Mimi nakumbuka tu kuvutwa miguu. Nakumbuka kutapika. Nakumbuka nyota nyingi mno, na sauti ya mke wangu ikipiga yowe la kwao, lugha ambayo nilikuwa sijajifunza hata salamu yake. Nilipoweza kuinua kichwa nikaona mama mkwe amepiga magoti, kanga moja tu mabegani kwenye baridi ile, amemlaza Salma ubavu juu ya barafu, anampiga piga mgongo na kumwita jina. Mtoto amelegea kama nguo mbichi.

Sitaandika nilichomwahidi Mungu pale. Ni siri yangu na Yeye.

Sijui ni dakika ngapi zilipita. Salma akakohoa, akalia. Sijawahi kusikia muziki kama ule.

Kijana wa jirani, dereva wa malori ya viazi, akaja mbio. Akafungua milango yote na vioo vyote vya gari, akalitupa jiko nje, akasubiri lipoe hewa, akatupakia. Plagi zile mpya zikapasha, injini ikashika mara moja kwenye baridi ile ya kuua. Tukashuka gizani vioo wazi mpaka hospitali. Wakatuwekea oksijeni, Salma akalazwa siku mbili. Gari lilelile lililotaka kutufukia ndilo lililotuwahisha. Mpaka leo sijui nilichukie au nilishukuru.

Daktari alinifundisha nilichopaswa kukijua kabla ya kununua hata msumari. Mkaa, hata ukiwa mwekundu bila moshi, unatoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, unaona kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mtamu. Aliyelala haamki. Nyumba ya kawaida ina nyufa za kumpunguzia mtu hatari, na bado watu wanakufa kila msimu wa baridi. Mimi nyufa zote nilikuwa nimezilipia zizibwe.

CHUMBA KILIKUWEPO

Tuliporudi kijijini nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Mama mkwe hakusema kitu. Alinishika mkono akaniingiza jikoni kwake, kibanda cha pembeni, moto wa kuni katikati, akanionyesha juu. Kati ya ukuta na paa kumeachwa upenyo mzima kuzunguka, mweusi kwa masizi, moshi unapita huko taratibu.

"Bibi yangu ndivyo alivyojenga," akasema. "Moto ni mgeni, baba. Lazima umwachie mlango wa kutokea."

Usiku ule na zilizofuata nililala kile chumba chenye ukuta mmoja. Nilikohoa, nikakoroma, na asubuhi mama mkwe akaniambia nakoroma kama marehemu mumewe, akacheka mpaka akakaa chini. Haya zangu za miaka saba ziliishia hapo, na zilikuwa hazijanigharimu milioni 21 tu; zilitaka kunigharimu mtoto.

Gari bado ninalo. Tulipofika Dar nilimtafuta yule seremala, nikamwomba radhi mbele ya vijana wake. Tulifungua vitundu vya nyuma, tukatoboa tundu moja chini karibu na sakafu na jingine juu upande wa pili, yote na wavu wa kuzuia mbu, ili hewa baridi iingie chini na nzito ya pumzi itokee juu. Vioo viwili tunaacha upenyo wa kidole. Hii inasaidia hata unyevu, maana watu watatu wakipumua usiku kucha kwenye gari lililozibwa asubuhi blanketi zinakamulika.

Moto hauingii ndani, hata mshumaa. Injini haiwashwi ili tupate joto tukiwa tumelala, kwa sababu bomba la moshi likiwa na tundu ni yaleyale. Huko kwenye theluji wana hita za dizeli ambazo moto wake unawaka kwenye chumba chake, unavuta hewa ya nje na kutoa moshi nje, ndani linaingia joto tupu. Mimi sina fedha hizo. Nina chupa za maji ya moto, kila mtu yake, imevikwa soksi, inawekwa miguuni. Nina mifuko ya kulalia niliyochambua kwenye mitumba ya Karume. Nina mkeka mnene chini ya godoro, maana baridi inapanda kutoka chini kuliko inavyoshuka kutoka juu. Tunakula vizuri kabla ya kulala na tunavaa kofia. Na nina kijikengele kidogo kinacholia kikinusa ile hewa, nilichoagiziwa na ndugu aliye nje.

Nyumba ya Chanika tuliipaua mwaka 2021. Mama Salma ndiye aliyesimamia fundi, na juu ya kila dirisha akaamuru matofali yenye matundu. Fundi akauliza mbona mengi hivyo, mama?

Akanionyesha mimi kwa kidole. "Muulize huyo."